Neva Iliyonyamazishwa

Mstari wa kijani uliokuwa ukichezacheza kwenye skrini ulitulia ghafla, ukanyooka kama uzi uliovutwa. Dkt. Subilaga Mwasomola alishusha kikombe cha chai bila kukitazama. Kilikosa meza, kikaanguka na kuvunjika. Hakuinama kuokota vipande.

"Hapana, jamani," alinong'ona.

Ilikuwa saa mbili na dakika kumi asubuhi. Nje ya zahanati watu walikuwa wakikimbia huku na huko tangu alfajiri, wengine wakivuta nyaya, wengine wakisukuma mitungi ya hewa. Kilomita mbili ndani ya handaki la reli lililokuwa likichimbwa chini ya milima ya Uporoto, dari ilikuwa imeporomoka na kuwafungia mafundi watatu nyuma ya ukuta wa mawe na tope. Walikuwa hai. Walisikika wakigonga bomba la maji. Hewa waliyokuwa nayo ingewatosha mpaka saa nane mchana, pengine na nusu.

Mtambo mkubwa wa kuchoronga mwamba haukufaa, kwa sababu macho yake ya umeme hayakuona kitu ndani ya tope. Ulihitajika ule mdogo, unaoongozwa na mtu anayeusikia mwamba kwa viganja na nyayo zake. Wachorongaji walioumudu walikuwa wawili tu pale. Mmoja, Gwamaka, alikuwa nyuma ya ukuta. Wa pili alikuwa Anyitike Mwambeta, mwanamume wa miaka hamsini na mmoja, na mstari wa kijani uliolala ulikuwa wake.

Subilaga aligusa skrini, akarudisha nyuma rekodi ya saa moja iliyopita. Ndani ya mgongo wa Anyitike kulikuwa na Tulizo, kifaa cha ukubwa wa punje ya mchele alichokibuni Subilaga mwenyewe. Kilipachikwa kwenye mzizi wa neva, pale inapochomoza kutoka kwenye uti wa mgongo, kikayazima maumivu ya siatika, yale yanayoshuka kutoka kiunoni mpaka mguuni, kabla hayajaufikia ubongo. Mtu aliyeingia kwake akijikokota huku akilia alitoka baada ya robo saa akitembea wima. Lakini Tulizo ilikuwa na kazi ya pili: iliisikiliza neva na kumtumia daktari habari zake.

Na sasa neva ya kushoto ilikuwa kimya. Haikuwa imezimwa na Tulizo. Ilikuwa imekandamizwa mpaka haina la kusema.

Miezi minane iliyopita alimkalisha Anyitike kwenye kiti kile kile mbele ya meza na kumweleza. Diski iliyo kati ya pingili na pingili ni kama kitumbua, alimwambia, nje pagumu na ndani laini. Chako kimepasuka, na ule ute wa ndani umetoka na kuikaba neva inayoshuka mguuni. Naweza kupitisha mrija mwembamba kama penseli nikautoa. Naweza kukuwekea diski mpya iliyooteshwa maabara. Diski ikiwa imechakaa kabisa, nazifunga pingili mbili ziwe moja. Yote hayo yanataka upumzike, wiki sita, wakati mwingine zaidi. Tulizo nakuwekea ikuvushe tu mpaka siku ya upasuaji.

Siku hiyo iliahirishwa mara nne. Kila mara Anyitike alisema hasikii maumivu, na handaki linamhitaji.

Subilaga aliwasha redio. "Baba Lusajo, ni Daktari Subilaga. Unanipata?"

"Nakupata, Daktari." Sauti yake ilizingirwa na mngurumo wa mtambo. "Sema upesi, mwamba huku umeanza kulainika."

"Ni ukaguzi wa kawaida. Haja ndogo ulikwenda saa ngapi mara ya mwisho?"

Anyitike akacheka. "Maswali yenu nyie! Jana, kabla ya kulala. Leo haja yenyewe sijaisikia, na maji nimekunywa chupa mbili."

Subilaga alisogea karibu na kipaza sauti. "Na hapo ulipokaa, kiti unakihisi?"

Mngurumo ukapungua. "Sasa umenifanya nifikirie. Ni kama nimekalia pamba. Kuna nini?"

Mkono ulipita begani kwa Subilaga na kufunika kipaza sauti. Ulikuwa wa Mhandisi Shemdoe, mkuu wa ujenzi, ambaye alikuwa ameingia bila kubisha na kusikia yote. Alitikisa kichwa taratibu, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi.

"Daktari?" redio iliita. "Kuna nini?"

Shemdoe aliondoa mkono. Alisubiri.

"Hakuna kitu," Subilaga alisema. "Endelea na kazi."

*

"Ana saa ngapi?" Shemdoe aliuliza redio ilipozimwa.

"Hana hata moja. Kipande kizima cha diski kimechomoka na kulalia fungu lote la neva, zinazokwenda miguuni, kwenye kibofu, kwenye haja kubwa. Haya ni ya kupasua leo, sasa hivi. Kila dakika inayopita, ninachoweza kukiokoa kinapungua."

"Mbona anafanya kazi kama kawaida?"

Subilaga alicheka kwa uchungu. "Kwa sababu mimi nimemwondolea maumivu na nyinyi mmemvalisha gwanda la chuma. Mguu ukilegea, gwanda linauinua. Maumivu yakija, Tulizo inayameza. Amebaki na nini cha kumwambia kwamba anaumia? Hii skrini tu. Na skrini ninayo mimi."

Shemdoe alivuta kiti akaketi. Hakuwa mtu mkatili. Mwaka mzima Subilaga alikuwa amemwona akiwajua wafanyakazi kwa majina ya watoto wao. "Sikiliza, dada yangu. Ukimwambia, mikono yake itatetemeka. Ile ncha ikienda pembeni nusu mita, ukuta unawaangukia watu watatu. Au aache kabisa atoke, nao wakose hewa. Asipojua, wanatoka watatu, na yeye wa nne."

"Akiwa kilema."

"Akiwa hai. Wote wanne hai." Aliinamisha kichwa. "Sikuombi uwe mwongo. Nakuomba unyamaze mpaka saa saba, tutakapokuwa tumewafikia."

Subilaga hakujibu. Baadaye, kila alipoulizwa na wakaguzi, na kila alipojiuliza mwenyewe, alirudi kwenye hilo: hakukubali wala hakukataa. Aliketi tu. Shemdoe akatoka kwenda kusimamia mitungi ya hewa, naye akabaki akiutazama mstari uliolala na mwingine, wa upande wa kulia, uliokuwa bado unaruka.

Alijiambia anapanga chumba cha upasuaji. Akakipanga: akachemsha vyombo, akajaribu taa ya mrija, akamwagiza muuguzi wake, Bi. Twilumba, atayarishe dawa ya ganzi. Yalipokwisha hayo aliyarudia. Akafungua faili la Anyitike kutafuta aina ya damu, akakuta fomu ya ridhaa. Sahihi ilikuwa kubwa, ya mtu asiyeandika mara kwa mara. Juu yake kulikuwa na sentensi aliyoitunga Subilaga kwa mkono wake alipokuwa akiitafutia Tulizo kibali: *Mgonjwa ataambiwa kila kitu kinachohusu mwili wake, mara tu daktari atakapokijua.*

Alikuwa amekijua saa mbili na dakika kumi.

Saa nne kasoro dakika ishirini, mstari wa kulia ulianza kusinzia. Uliruka, ukachelewa, ukaruka tena kwa unyonge.

Subilaga alichukua kofia ngumu ukutani na kutoka. Shemdoe alimwona akipanda kitoroli cha umeme kwenye mdomo wa handaki, akamkimbilia.

"Daktari! Tulikubaliana!"

"Hatukukubaliana."

"Ukiingia humo huna kazi tena hapa!"

"Utaniandikia barua nikirudi," alisema, akakanyaga.

*

Ndani kulinuka mafuta na udongo mbichi. Taa zilipita juu yake moja moja mpaka zikaishia kwenye rundo la mawe, na mbele ya rundo, juu ya mtambo mdogo, alikaa Anyitike ndani ya gwanda lake la chuma, tope mpaka kwenye nyusi. Bomba la maji lilipita karibu na bega lake. *Ko, ko, ko*, liligonga kutoka upande wa pili.

Alipomwona daktari alizima mtambo. Alimtazama usoni muda mrefu kidogo.

"Kwa hiyo kulikuwa na kitu," alisema.

"Kulikuwa."

"Tangu saa ngapi?"

Subilaga alikuwa amejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. "Saa mbili na dakika kumi."

Anyitike aliangalia saa iliyokuwa mbele ya mtambo. Saa nne kasoro dakika tano. Alikaza taya, akawa kama mtu anayezuia kitu kisimtoke mdomoni. Hatimaye alisema, "Eleza. Usinipambie."

Akamweleza. Hakumpambia.

"Nikitoka sasa hivi?"

"Nikikupasua ndani ya saa moja, nadhani utatembea na utakojoa mwenyewe. Nadhani, baba Lusajo. Siwezi kuapa."

"Nikibaki mpaka tuwafikie?"

"Mguu wa kushoto huenda usirudi. Kibofu huenda kisirudi. Hata mambo ya chumbani, wewe na mama Lusajo." Akaonyesha mguu wa pili. "Na wa kulia nao umeanza."

Bomba liligonga. *Ko, ko.* Mpigo wa tatu ulichelewa, ukaja dhaifu.

"Gwamaka huyo," Anyitike alisema. "Anagonga kwa spana yangu. Niliiacha kule jana." Akafumba macho. Subilaga aliona jasho likimtiririka na kuchora njia kwenye tope la shavu, akajua mtu yule anaogopa, anaogopa sana, na kwamba hakuna mtu mwingine chini ya mlima huo mwenye haki ya kuogopa badala yake. Mikono ya Anyitike ilitetemeka, kama Shemdoe alivyosema. Ilitetemeka kwa hesabu ya kumi, kumi na tano. Kisha ikatulia.

"Breki naikanyaga kwa mguu wa kushoto," alisema, macho bado yamefumbwa. "Mita ya mwisho yote ni breki. Ukikanyaga kwa pupa, ncha inaruka na kuchanja ukuta. Zima gwanda. Huo mguu tu."

Subilaga alibonyeza swichi pembeni ya goti la chuma. Unyayo wa Anyitike ulidondoka kutoka kwenye kanyagio, ukaning'inia kama kitambaa kibichi.

Walitazama wote wawili.

"Inua kidole gumba," Subilaga alisema.

Anyitike alikaza uso mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kidole hakikutikisika.

"Kumbe si mimi," alisema taratibu. "Asubuhi yote hii, nikidhani nakanyaga mimi. Chuma ndicho kilichokuwa kikibahatisha." Akafungua macho. "Kingebahatisha mpaka mita ya mwisho, Daktari. Ungesubiri tumalize ndipo uniambie, ningewaua."

Subilaga aliushika ule unyayo na kuusogeza pembeni.

"Sitoki," Anyitike alisema. "Lakini mguu wa kushoto ninaouhitaji sina. Piga magoti hapo. Nikisema *bana*, bana. Nikisema *legeza*, legeza. Kidogo kidogo, kama unavyomgusa mgonjwa."

Akapiga magoti kwenye tope, akaweka viganja vyote viwili juu ya kanyagio.

"Ondoa mikono," Anyitike alimwambia. "Tumia goti. Mikono yako nitaihitaji baadaye."

*

Walikwenda hivyo kwa karibu saa tatu. *Bana. Legeza. Bana. Nusu. Legeza.* Subilaga alilalia kanyagio kwa goti la kulia, na lilipochubuka akatumia la kushoto. Kila nusu saa alisimamisha mtambo, akamchoma Anyitike kwa ncha ya kalamu kwenye mguu wa kulia, kutoka pajani kushuka chini.

"Hapa?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Kwa mbali."

"Hapa?"

"Ulishanichoma?"

Alimwambia kila alichokiona, palepale, hata pale ambapo uso wa Anyitike ulionyesha angependa asiambiwe. Alimpitishia mrija mwembamba wa mkojo hapohapo juu ya kiti, wakiwa wamewageuzia kisogo waokoaji waliokuwa wakiondoa mawe, na chupa nzima ikajaa bila yeye kuhisi lolote. Anyitike aliitazama chupa ile kama anayetazama kitu cha mtu mwingine.

Saa sita na nusu bomba liliacha kugonga.

Anyitike aliinama mbele, akaegemeza paji la uso kwenye chuma cha mtambo ili ausikie mwamba kwa mifupa ya kichwa. "Bana," alinong'ona. "Bana. Bana hapohapo." Mngurumo ukabadilika, ukawa wa juu, kama maji yanayokaribia kuchemka. "Legeza kidogo sana. Kidogo... *bana!*"

Subilaga akaangusha uzito wake wote. Mtambo ukakohoa, ukasimama. Kisha ukasikika mluzi mrefu, hewa ikifyonzwa kupitia tundu, na nyuma ya ukuta mtu akaanza kukohoa. Akafuata wa pili. Waokoaji walipiga kelele. Iliwachukua dakika ishirini kulipanua tundu na kuwavuta watatu wote, Gwamaka akiwa wa mwisho, midomo ya kijivu, spana imebanwa kwenye kiganja kilichokataa kufunguka.

Anyitike hakuwaona wakitoka. Gwanda lake lilikuwa limekwisha zimwa, amelazwa kifudifudi kwenye kitoroli, na Subilaga akiendesha kuelekea mwangani huku magoti yake yakivuja damu.

*

Tundu alilotoboa Subilaga mgongoni mwa Anyitike lilikuwa na upana wa penseli. Alipitisha mrija wenye taa kati ya misuli bila kuikata, na kwenye skrini ya ukutani ikatokea nchi ya ndani ya mgongo: mfupa mweupe, utando wa manjano, mafuta yanayometa kama siagi. Kwa kawaida aliipenda nchi hiyo. Alipoukata utando wa manjano alikiona kipande cha diski, cheupe, kikubwa kama kifundo cha kidole kidogo, kimejikunja juu ya fungu la neva. Neva zilikuwa zimebanwa zikawa bapa, rangi yake imefifia.

"Mikono?" Bi. Twilumba alimuuliza kwa upole.

Subilaga aliitazama mikono yake. Ilikuwa imetulia. "Ipo."

Alikishika kipande kwa koleo dogo, akakivuta taratibu. Hakikukubali. Kilikuwa kimegandana na utando wa neva, na kuvuta kwa nguvu kungeuchana. Akakibandua milimita kwa milimita, akiosha kwa maji, akisubiri, akibandua tena, kwa dakika arobaini. Kilipotoka, neva zilijaza nafasi yake polepole kama sifongo inayorudi. Kishipa kidogo cha damu juu yake kikaanza kudunda.

Tulizo ilikuwa imekaa pembeni, ikimeta, haina kasoro hata moja. Ilikuwa imefanya kazi yake barabara mpaka dakika ya mwisho. Akaing'oa na kuidondosha kwenye bakuli.

*

Siku ya nne Anyitike aliinua kidole gumba cha mguu wa kulia. Siku ya tano aliketi mwenyewe. Subilaga alivuta kiti karibu na kitanda.

"Nina majibu ya vipimo vya asubuhi," alisema. "Mguu wa kulia utarudi. Wa kushoto, unyayo utabaki umelegea. Utatembea na bamba la kuuinua, au na fimbo. Kibofu hakijajibu. Kuna wanaopata nafuu hata baada ya mwaka. Wengi hawapati. Nitakufundisha kutumia mrija mwenyewe nyumbani."

Anyitike alitazama dirishani. Mkewe, mama Lusajo, aliyekuwa akimenya chungwa upande wa pili wa kitanda, aliacha kumenya.

"Ile saa moja na dakika arobaini na tano," Anyitike alisema. "Nimeihesabu. Unajua ningeamua nini kama ungeniambia mara moja?"

"Sijui."

"Ningebaki. Gwamaka ni mtu wangu. Ningebaki, na leo ningekuwa hapahapa, na mrija huuhuu." Akamgeukia. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimwumiza Subilaga kuliko hasira. "Lakini ningekuwa nimebaki mimi. Kwa muda ule wote nilibakizwa. Mlikuwa mmenikalia kikao, wewe na Shemdoe, mkanipangia mwili wangu."

"Ni kweli."

"Naweza kukusamehe kwa mengine. Hilo bado. Usiniharakishe."

"Sitakuharakisha," Subilaga alisema. "Nimewaandikia wakaguzi. Nimeandika muda, na nilichosema kwenye redio."

Mama Lusajo alimkabidhi mumewe kipande cha chungwa, kisha, baada ya kusita, akampa daktari kingine. Subilaga alikila.

Alasiri ile alibandika tangazo kwenye mlango wa zahanati: kila mwenye Tulizo aje asomewe habari za neva yake, na atakayetaka izimwe kwa muda ausikie mgongo wake ulivyo, itazimwa. Orodha ya wenye Tulizo handakini ilikuwa na watu sitini na mmoja. Hakutegemea waje upesi.

Alikuwa bado ameshika gundi mkononi Mhandisi Shemdoe alipofika. Alilisoma tangazo mara mbili, akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Subilaga alifikiri amemletea ile barua.

Shemdoe alivua koti, akalikunja, akaliweka kitini. Kisha akachomoa shati na kugeuka. Chini kabisa ya mgongo wake, upande wa kulia, kulikuwa na kovu dogo lililopona siku nyingi, refu kama ukucha.

"Niliwekewa Tulizo kule Tanga," alisema, bado amempa kisogo. "Mwaka wa tatu huu. Wanaosoma skrini yake wako kule, na hawajawahi kunipigia simu. Nilikuwa nachukulia ni habari njema." Akakohoa kidogo. "Wiki hii nimejikwaa kwenye ngazi mara mbili."

Subilaga aliunganisha namba ya kifaa na mashine yake. Mistari miwili ilitokea. Aliitazama kwa muda wa pumzi moja, si zaidi.

"Kabla hujasema," Shemdoe alisema, sauti imemshuka, "ni mbaya?"

"Ni mbaya, Mhandisi," alijibu. "Geuka uione mwenyewe."